Mwendo wa Mama wa Ndosho

Jumamosi saa tisa alasiri, filamu ya katuni ilionyeshwa kwa waalikwa katika ukumbi mmoja hapa Goma. Mlangoni, mlinzi alimzuia mama mbeba makaa kutoka mtaa wa Ndosho.

"Mama, invitasio iko wapi?"

"Sina. Ule mama wa katuni ni miye. Benye filamu walinifilme siku mbili na muzigo mugongoni, kisha bakachora mwendo yangu."

"Ile ni desini tu, muchoro tu, mama. Haina mwenyewe."

Mama akashika paji la uso, pale kamba ya mzigo hupita, akainama, akatembea. Watoto waliokuwa nje, waliokwisha kuona matangazo ya filamu, wakapiga kelele: "Ni yeye!"

Mlinzi akapiga makofi. "Unamuiga muzuri kabisa, mama."

Mwendo ulialikwa, miguu haikualikwa. Sisi wenye kadi za mwaliko tuliingia. Mlango ulifungwa saa tisa na dakika ishirini, mama akiwa nje.