Gitaa la Mjomba na Uzi wa Kwanza

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Macho aliyalinda kwa miwani nyeusi, lakini masikio hakuna aliyemwambia nayo hulindwa. Kelele za grinda, ile mashine ya kusagia chuma, zikayala polepole kama kutu. Siku hizi ukitaka akusikie, unagonga meza kwanza ageuke, ndipo useme.

Jumamosi hupiga gitaa kwenye bendi ya harusi. Hupiga, au alikuwa akipiga, sijui niandike lipi.

Mimi na "kwa nini" ni chanda na pete, kwa hiyo nilimganda. Nikamgusa bega, nikamwonyesha vijiti vya chuma kwenye shingo ya gitaa.

"Freti hizo, binti yangu. Kila moja ni nusu toni. Panda kumi na mbili, unarudi kwenye sauti uliyoanzia, ila imekuwa nyembamba."

"Na kordi?"

"Kordi ni sauti tatu zinazokaa nyumba moja. Ya kwanza, ya tatu, ya tano. Do, mi, so." Akapiga, chumba kikachangamka. Halafu ile mi akairudisha nyuma freti moja. "Ukishusha ya katikati nusu toni tu, nyumba ile ile ina msiba."

Nikacheka kwa sauti. Hakuinua hata uso.

Kilichonishangaza zaidi ni namna anavyolinganisha nyuzi. Wenzake hutega sikio, yeye huuma gitaa. Huegemeza meno ya juu kwenye ukingo wa ubao, hubonyeza uzi mnene freti ya tano, kisha huupiga pamoja na uzi unaofuata ukiwa wazi. Hizo mbili zinatakiwa ziwe sauti moja. Zikipishana kidogo, zinayumba, wau-wau-wau, na ule myumbo anausikia kwenye mfupa. Anakaza mpaka unapungua, unapungua, unakufa. Kisha anahamia uzi unaofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho, isipokuwa kwenye uzi wa nne kutoka ule mnene, ambapo hubonyeza freti ya nne.

"Utayang'oa hayo meno," alisema mama, ambaye ni dada yake mkubwa na hana simile naye. "Kila siku nasema nenda hospitali. Sikio la kufa..."

Akaikata methali katikati. Mjomba aliendelea kukaza.

Kiongozi wa bendi, anayeitwa Kinanda kwa sababu ndicho anachopiga, alishamwonya. Harusi mbili mfululizo gitaa lilikuwa linalia kivyake. Aje mazoezini wamsikilize, na mambo yakiharibika tena, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Habari ya masikio mjomba hakumwambia mtu. Alikuwa anakufa na tai shingoni.

Nilimsindikiza. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vya plastiki vimebebana ukutani.

"Fundi, leo umekuja na wakili?" mpiga ngoma akauliza, akininyooshea kidole mimi. Watu wakacheka, na mjomba akacheka kwa kuwa wao wanacheka.

Kinanda akaweka kidole kwenye kinanda chake. "Nikupe sauti, ulinganishe?"

Mjomba akakiangalia kile kidole, akatikisa kichwa. "Nimeshalinganisha nyumbani. Liko shwari."

Akaanza peke yake. Jamani! Nyuzi zote zilikuwa zinaongea lugha moja, hata mpiga ngoma akaacha mzaha. Kisha Kinanda akaingia, ngoma ikamfuata. Ilikuwa kama mtu aliyevaa viatu viwili vizuri vya jozi tofauti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sauti ya kila uzi aliitoa kwa mwenzake, na wote wakarudi kwa ule mnene. Je, sauti ya ule mnene aliitoa wapi? Aliibahatisha. Ukoo mzima wa nyuzi ulikuwa umeshuka nusu toni, bila ugomvi wowote. Gitaa lilikubaliana lenyewe kwa lenyewe, lakini si na wengine. Naye mjomba alipiga huku amefumba macho, anatabasamu, mpaka ngoma ilipokoma na sakafu ikaacha kudunda. Ndipo akayafumbua.

Nikamkimbilia Kinanda. "Si hicho kinanda kina kitufe cha kushusha sauti zote?"

"Kipo, binti. Tarumbeta je, nayo niishushe kwa kitufe gani? Leo nusu toni, wiki ijayo atakuwa wapi?" Akamsogelea mjomba, akamwambia usoni, polepole: "Kaka. Husikii."

Mjomba akanitazama, kama vile mimi ndiye wa kukanusha. Nikatazama viti.

"Gitaa langu nalisikia," akasema.

"Hilo ndilo tatizo, kaka. Hilo tu."

Tuliporudi aliketi kwenye benchi la karakana yake, kati ya mageti yasiyopakwa rangi, akaliuma tena gitaa. Nikamgusa bega, nikaonyesha meno yangu. Akashangaa, kisha akanisogezea.

Nikaziba masikio kwa vidole na kuegemeza meno pale ubaoni. Akapiga do, mi, so. Ililia ndani ya fuvu langu, nene, kila sauti mahali pake, haidai kitu kwa mtu.

Kisha akashusha ya katikati. Akanikazia macho kuuliza kama nimesikia.

Nikaitikia kwa kichwa, meno yakiwa bado kwenye ubao.