Ndege Haisimami Ore

Uzoamaka, muuza samaki wakavu wa Nnewi, alikuwa mama wa kelele, na kelele zake zilimfaa sana. Miaka nenda rudi alipanda basi la Lagos kufuata mzigo, na hakuna dereva wa njia ile asiyemjua. Akienda mbio, anamkemea: "We dereva, kama umechoka kuishi, sisi hatujachoka!" Akijivuta, anamkemea pia. Basi likifika Ore, mji wa katikati ya njia, abiria wanashuka, wanakula, wananyoosha miguu, kisha safari inaendelea.

Ndiyo maana mkwewe Kanayo alipompigia kutoka Atlanta kumweleza kuwa safari ya ndege kwenda kwao ni kilomita elfu tisa na ushei, saa kumi na mbili na nusu moja kwa moja, aliuliza, "Na tunasimama wapi kula?"

Kanayo alicheka hadi akakohoa. "Mnakula humo humo angani, Mama. Hakuna kushuka."

Kwao binti akijifungua, mama yake ndiye humkanda kwa maji ya moto na kumpikia supu ya pilipili. Lakini binti yake Ifesinachi, mke wa Kanayo, alimtaka mapema, kabla ya uchungu. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake bafuni, na tangu hapo ana sharti moja: "Safari hii sizai mpaka nikushike mkono, Mama."

Lagos, ndani ya ndege, abiria wameshafunga mikanda, simu ikalia.

"Mama, uchungu umeanza," alisema Kanayo, safari hii bila kicheko. "Siku zake bado kabisa. Anakuita wewe tu."

Mhudumu akamtaka azime simu. Mlango ukafungwa.

Mbele ya kiti kulikuwa na kioo kidogo chenye ramani, na juu ya ramani kindege cheupe. Uzoamaka alisali, akakitazama. Akakataa chakula, akakitazama. Kiko pale pale, juu ya maji. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akasimama.

"Mwambieni dereva akanyage mafuta! Mwanangu anazaa!"

Watu wakaangua kicheko. Jirani yake, mama mmoja wa Abeokuta, hakucheka. Alimvuta kitenge. "Kaa, dada yangu. Yule hasikii. Angekuwa anasikia tungempigia kelele wote."

"Sasa nifanye nini?"

"Hakuna."

Akakaa. Mikono yake ilikuwa mapajani, mizima, yenye nguvu, haina kazi, na aliichukia. Akalia kimya kimya, yeye asiyejua kulia hivyo.

Atlanta, simu yake haikushika mtandao. Akasukuma toroli mbio mpaka nje, penye wapokezi, akamwona Kanayo, akasimama ghafla. Mwanamume mwenye mke leba hawezi kuwa hapa.

"Ifesinachi?"

"Mzima, Mama. Wamempa dawa, amelala." Alifuta uso kwa kiganja. "Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia."

Uzoamaka alishika toroli kwa mikono miwili. Watu waliwapita wakikumbatiana na wageni wao.

"Mwanangu alisema nini?"

Kanayo akanyoosha mkono achukue toroli. Mama akamkazia macho mpaka akajibu.

"Alikuwa akiniuliza mmefika wapi. Nikitazama ndege yenu kwenye simu, namwambia bado, bado mko baharini. Manesi wanamwambia asukume, yeye anabana meno. Alikuwa anajizuia, Mama. Alikuwa anakungoja wewe."