Siku Niliyofagia Nyayo za Mama

Nikiwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Nkuhungu, niliamini kwamba nimeua mtu kwa ufagio. Sikumwambia yeyote kwa miaka mingi.

Ilikuwa siku ya kuamkia Idi. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na tangu alfajiri kichwa kilimgonga, macho yakawa yanaona vimulimuli. Baba akaazima pikapu ya jirani wakaenda hospitali. Bibi, mama yake mama, aliyekuwa ametoka Kondoa kuja kumhudumia mwanawe, alisimama uwanjani mpaka gari likapotea.

"Leo usifagie uwanja," akaniambia. "Nyayo za aliye safarini hazifagiwi mpaka arudi. Umesikia?"

"Ndiyo, bibi."

Nilisikia. Lakini uwanja ulijaa majani ya mwarobaini na mavi ya mbuzi, na kesho ilikuwa Idi. Bibi alipoingia jikoni kuchambua mchele, niliona nikifagia upesi mama atakuta pasafi, atafurahi. Nikafagia toka mlangoni hadi kwenye uzio wa minyaa.

Baada ya adhuhuri mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Mkonze. Upepo ulitangulia na vumbi lake jekundu, kisha ngurumo. Bibi akatoka mbio kuanua nguo, akasimama ghafla. Aliiona mistari ya ufagio.

"Umefagia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliingia ndani, akafunika kioo kwa kanga kama alivyofanya kila radi zilipoanza, akaketi kitini kuvuta tasbihi. Afadhali angenichapa. Ukimya ule ndio ulionithibitishia kwamba mama harudi.

Mvua ilipoanza nilizitoa kandambili za mama chini ya kitanda, nikatoka nazo. Nilizivaa, zikanipwaya, nikaanza kutembea kutoka uzioni kuja mlangoni, nikikanyaga kwa nguvu ili alama zishike kwenye tope. Maji yakazifuta. Nikarudi uzioni, nikaanza upya. Mara radi ikapiga karibu mno, nikasikia harufu ya kitu kilichoungua, na mikono ya bibi ikanidaka kwa nyuma.

"Unataka kufa na wewe?" akapiga kelele.

Nilibaki na lile "na wewe" hadi asubuhi.

Baba hakurudi siku ile. Korongo la njiani lilijaa, hakuna gari lililovuka. Asubuhi tulisikia takbira kutoka msikitini, na hakuna aliyenikumbusha nguo mpya. Yapata saa tano baba akaja kwa miguu, tope hadi magotini. Bibi alishika fremu ya mlango, akashindwa kuuliza.

"Mama yake yupo," baba akasema. "Mtoto hatukumpata."

Bibi akalia, sijui kwa kushukuru au kwa uchungu. Mimi nilikuwa na mawazo yangu: nilijaribu kurudisha nyayo za mama tu. Za mtoto sikuwa nazo.

Nilikuja kumweleza mama nikiwa mtu mzima, nimeajiriwa serikalini kule Mtumba, nina mimba yangu ya kwanza. Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Miaka yote hii, mwanangu? Ilikuwa presha. Miguu ilinivimba wiki mbili. Bibi yako akasema uvimbe ni dalili ya mtoto wa kiume, tule Idi kwanza ndipo niende hospitali. Nami nikamwamini." Akakishika tena kisu. "Usimwambie kwamba nimekwambia. Anajua mwenyewe."

Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile, kwenye kile kiti, bibi hakuwa akinifikiria mimi wala ufagio wangu. Alikuwa anajihukumu, nami nikaichukua hukumu yake nikidhani ni yangu. Simlaumu. Alinionya kwa kile alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho hakikutosha.

Katika ujauzito wangu ule alinipigia simu kutoka Kondoa kila Jumatatu, macho yake yakiwa yameshaingia ukungu. Nilikuwa nikimwamkia, naye hakunitajia mwiko hata mmoja. Aliuliza jambo moja tu: "Wamekupima presha?" Nikisema ndiyo, alitaka nimsomee namba zilizoandikwa kwenye kadi, ingawa hakujua maana yake. Nilimsomea polepole, kisha nikamwambia ni nzuri, na upande wa pili nikamsikia akishusha pumzi.