Sweta za Kenyenya

Miaka ya tisini nilikuwa msimamizi wa wanawake waliofuma sweta za shule, lakini kuonana nao kulikuwa kwa nadra. Mwenye duka, Mhindi wa Kisii mjini aliyeongea Ekegusii kuwashinda watoto wangu, aliwapa mashine wakae nazo majumbani, Suneka, Nyamira na Kenyenya. Uzi uliondoka na matatu, sweta zikarudi na matatu, na maagizo yangu yalibebwa mdomoni na makondakta.

Kwa hivyo nilijua watu kwa kazi zao. Wa Suneka alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni. Sweta zake zilipitisha mwanga. Wa Nyamira alichelewa mpaka unamsahau, ila ukipata sweta yake unamrithisha mjukuu. Wa Kenyenya alikuwa mzuri isipokuwa jambo moja: mkono wa kushoto aliubana. Kila sweta. Watoto waliivaa kwa kusukumwa.

Mwenye duka alivumilia, kisha akachoka. "Mama, mwambie mara ya mwisho. Akibana tena, rudisha mashine, wanaoitaka ni wengi."

Nilituma ujumbe. Sweta zikaja, kushoto kumebana. Nikatuma mwingine, mkali zaidi. Kumebana vilevile. Nilikasirika, maana sipendi mtu anayenisikia halafu ananipuuza. Nikaenda mwenyewe kuichukua hiyo mashine.

Niliisikia ikikwaruza kabla sijafika mlangoni. Aliyeikalia alikuwa bibi kizee, mama mkwe wa mfumaji wangu. Kando ya migomba palikuwa na kaburi, nyasi zimeanza kuota juu yake. Mfumaji wangu alikuwa amefariki mvua zilipoanza. Makaripio yangu yote nilikuwa nikimtumia marehemu.

Nikatafuta mahali pa kukaa. Nikamwita magokoro, kama tunavyowaita nyanya zetu, nikamuuliza nani alimfundisha.

"Yeye mwenyewe, akiwa mgonjwa. Alilala hapo akiniambia, fanya hivi, fanya hivi."

"Na ujumbe wangu haukufika?"

"Ulifika."

"Mbona hukulegeza?"

Alinitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto. "Nikilegeza si mtajua siye yeye? Mtabeba mashine. Na watoto wake hawa nitawalisha nini?"

Sikuibeba. Nilimwambia alegeze, na kwamba mjini hakuna atakayesikia lolote kutoka kwangu. Nilidhani atafurahi. Badala yake alichukua mkono wa sweta aliokuwa ameumaliza, wa kushoto, akaunyoosha pajani taratibu.

"Basi yeye hatabaki popote," akasema.

Niliondoka nikiyakwepesha macho yangu yasiangalie migombani, lakini mlio wa mashine ulinifuata hadi barabarani, na kusema kweli niliogopa.

Furushi lililofuata mwenye duka alilifungua mwenyewe. Akaivuta mikono yote miwili, ikalingana. Akatabasamu.

"Umeona? Mtu akiambiwa vizuri anasikia. Mpelekee salamu zangu."

Nikasema nitazifikisha. Kisha nikalibeba furushi hadi stoo, nikafunga mlango, nikapekua sweta moja baada ya nyingine nikitafuta mkono hata mmoja uliobana. Haukuwepo.