Mwanya Juu ya Ukuta wa Bi Barke

Masika ya mwaka arubaini na saba kuni zilikuwa adimu Kisauni, na Bi Barke, mpika mikate ya kumimina, hakuvumilia kuona upepo ukiula moto wake. Chumba chake cha jiko kilikuwa na mwanya kati ya ukuta na makuti, kama vya majirani wote.

"Huyo fundi Stambuli ni mvivu," alisema. "Hakumaliza ukuta!"

Akakandika udongo mwenyewe mpaka juu, pande zote nne.

Wallahi, kuni za siku moja zikapika siku mbili. Lakini siku ya tatu Barke alitoka nje macho mekundu, kifua kimembana, na mikate yanuka moshi. Akakohoa, akatukana, akafikiri. Kisha akachukua jembe, akabomoa ule udongo upande mmoja tu, usiopigwa na upepo wa kusi. Moshi ukatoka, na moto ukatulia.

Mwaka uliofuata alimwita Stambuli amjengee bintiye Tima jiko. Tangu asubuhi alisimama nyuma ya fundi. Ukuta wa upande usiopigwa na kusi ulipokaribia makuti, akamshika mkono.

"Basi hapo, fundi. Mwanangu apumue."