Swichi Isiyopiga Kelele

Mpaka leo nikishuka kwenye basi Kondoa kuna watu wanaanza kucheka kabla sijawasalimia, na sina pa kuficha uso wangu, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe, maana huko wameongeza chumvi mpaka eti nililia kwenye simu (nililia, lakini si sana).

Baba yangu, Mzee Shabani, alikuwa akiishi peke yake Kondoa tangu mama afariki. Sisi watoto wake wawili, mimi na kaka Idi, tulikuwa Dodoma na kazi zetu za ofisini. Goti la mzee lilipoanza kumsumbua, kaka akasema basi, anahamia kwake, hakuna mjadala. Baba akanipigia simu mimi, akaongea kwa sauti ya chini: "Zaituni mwanangu, mkinitoa hapa nitakuwa mgeni mpaka siku yangu ya kuondoka."

Maneno yale yaliniuma sana. Nikamwahidi kaka kwamba nitafunga kamera nyumba nzima, tuwe tunamwona baba tukiwa hukuhuku Dodoma. Kaka akakubali, ila kwa sharti: azione kwa macho yake, na zikileta longolongo tu, anamfuata mzee kesho yake.

Miaka ile vifaa vya namna hiyo ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kujaa madukani. Nikaenda kununua swichi, kile kiboksi ambamo kamera zote zinachomekwa, kinapokea picha na hapohapo kinazipa kamera umeme kwa waya uleule. Muuzaji akanitolea kubwa, akaiwasha, na jamani, feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga! Nikamfikiria baba, ambaye anaamka hata paka akipita juu ya bati.

"Na hicho kidogo?"

"Hicho hakina feni, dada, kimya kabisa. Ila nguvu yake ndogo. Una kamera ngapi?"

"Sita."

Nikahesabu matundu ya kuchomekea, nikakuta manane. Kamera sita, matundu manane, si yanabaki! Muuzaji akaanza kunieleza habari za taa za usiku, nikamkatisha, nikamwambia anifungie hichohicho, basi linaniacha. Nilijiona binti mwenye kumjali baba yake kuliko binti yeyote mkoa mzima.

Fundi akafunga Jumamosi asubuhi, na kamera zikafanya kazi safi. Mchana uleule nikamwita kaka kwangu pamoja na wifi na (kiherehere changu) wenzangu wa ofisini, nikapika pilau, nikaunganisha picha kwenye televisheni. Baba huyo anamwagilia mchicha, baba huyo anakunywa chai, na wageni wanapiga makofi. Kaka alisogeza kiti karibu na televisheni, na nikamsikia akinong'ona, "Mzee amekonda."

Giza likaanza kuingia. Tukamwona baba amesimama mlangoni, anatazama kushoto, anatazama kulia, kama aliyesikia kitu nje. Hapohapo kamera ya getini ikazimika, ikafuata ya uani, halafu zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka televisheni ikawa nyeusi tupu.

"Wamekata nyaya!" akasema mwenzangu mmoja.

Nikampigia baba, hapatikani. Nikapiga tena na tena. Mwisho nikampigia jirani yake, Bi Hadija, ambaye ukuta wake umepakana na msikiti, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie: "Shikamoo mama, baba amevamiwa!" (Angalau salamu sikuisahau.) Bi Hadija hakuuliza hata swali moja. Tukasikia kandambili zake zikikimbia, kisha sauti ya mwanamume kwenye kipaza sauti cha msikiti: "Jamani, twendeni kwa Mzee Shabani, amevamiwa nyumbani kwake!" Ikawa vurugu, na katikati ya vurugu ikaja sauti ninayoijua tangu nizaliwe.

"Nani kavamiwa? Mimi si niko hapa?"

Alikuwa msikitini, safu ya mbele. Alikuwa ametuahidi kwamba ataswali nyumbani kwa ajili ya lile goti, na pale mlangoni alikuwa anahakikisha hakuna wa kumsemea kwetu, kisha akazima simu na kwenda zake. Lakini wengi walishatoka mbio bila kumsikia, wakauvunja mlango wake, wakakuta kiboksi changu kimekaa kimya. Giza likiingia kila kamera huwasha taa zake za usiku na kutaka umeme zaidi, na kile kidogo kikalemewa. Sebuleni kwangu watu waliangua kicheko mpaka pilau ikawapalia. Kaka peke yake hakucheka. "Kesho tunamfuata," akasema.

Asubuhi tukashika njia ya Kondoa. Tulipofika tukakuta mlango umelazwa uani, wanaume wanaugongagonga, Bi Hadija anagawa uji, na baba katikati yao anasimulia jinsi alivyokimbia na mkongojo kwenda kujiokoa. Nikapita kwa mmoja mmoja nikiomba radhi, nikaapa kwamba nitaleta swichi kubwa, ivume itakavyovuma, na kabla ya kuita watu nitauliza kwanza kama swala imekwisha.

"Radhi ya nini?" akasema Bi Hadija. "Siku ikiwa kweli, utanyamaza?"

Kaka akamwuliza mwenye nyundo walichukua muda gani kufika.

"Tulitoa salamu ya kumaliza swala tu, tukatoka mbio. Hata sunna hatukuswali."

Kaka, mtu mzima yule, machozi yakamlengalenga. Na mimi nilijua anachowaza, maana kule Dodoma hata jina la jirani wa mlango wa pili hatulijui.

Baba akaacha kucheka. Akamtazama mwanawe, akauliza polepole, "Nifungashe?"

Kaka akavua koti, akainama, akashika mlango upande mmoja.

"Nipe misumari, baba," akasema.