Matope ya Kisima Kwenye Migomba Yetu

Kwetu Chonyonyo hakuna kinachotupwa. Majivu, mavi ya mbuzi, maji ya kuoshea vyombo, vyote huenda kibanjani, kwenye mashina ya migomba. Ndiyo maana mashine ya kuchimba kisima cha kijiji ilipoanza kutoa matope ya kijivu, laini kama uji, mama aliyatamani.

Fundi wa mashine alifurahi. Sheria ilimtaka ayaweke kwenye shimo lililotandikwa turubai, yasubiri gari la kuyachukua, kwa sababu yalichanganyika na dizeli na mafuta ya mashine. Shimo lilikuwa limeshajaa, na gari halikuja.

"Chukua tu, mama. Utavuna ndizi zilizokwisha kukaangwa."

Mama akacheka. "Udongo wa chini hivyo haujalimwa na mtu. Una nguvu."

Niliyabeba kwa toroli mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tuliyazungushia kila shina, tukayafunika kwa nyasi.

Majani yalianza kukauka pembeni, kisha katikati. Mama alisema ni jua. Akaongeza nyasi.

Ofisa mazingira wa wilaya alikuja kukagua lile shimo, harufu ikamleta mpaka kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akafunua nyasi kwa kiatu.

"Haya yaondoke yote, pamoja na udongo wa chini yake. Mvua ikinyesha yatashuka kisimani. Na migomba hii ing'olewe."

"Hata huu wenye mkungu?"

"Hata huo, mama."

"Lakini walinipa wenyewe."

"Najua. Nao nitaongea nao."

Aliongea nao, wakaleta gari. Kuchimba na kupakia tukaachiwa sisi. Nilichimba mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Ule mgomba wenye mkungu mama aliukata mwenyewe, hakutaka niuguse. Nusu ya kibanja ikabaki wazi, unaona mpaka barabarani.

Ofisa alichukua udongo kidogo kwenye mfuko aende kuupima, tujue kama tunaweza kupanda tena. Majibu hayajaja. Mama ameacha kuuliza.

Siku hizi ananituma kwa jirani kuomba ndizi, sisi tuliokuwa tunagawa. Nikifika nasalimia, halafu maneno yanakwisha. Nasimama tu uani mpaka jirani mwenyewe aelewe, achukue panga.